Wageni wanaokuja kujitolea huku kwetu: tupeane uzoefu

Nyakisumu: Matatu za Kisumu kwenda Luanda na Mbale, kule Vihiga, zimeanza tena kubeba vijana wa ng'ambo wenye mabegi makubwa mgongoni. Wengi hurudi kwao wakisema safari imebadilisha walivyouona umaskini. Nyinyi mnaowapokea, ni nini hasa huwafungua macho? Na kazi gani huharibika?

Mama Gorogoro: Nyumba ya udongo haiwafungui macho, hesabu ndiyo huwafungua. Mgeni apelekwe soko la Kibuye na mama mwenye nyumba, akae kimya atazame. Ataona mafuta ya kupikia yakipimwa kikombe kidogo, sukari robo, majani ya chai ya siku moja. Jioni mpe kalamu ajumlishe: vikombe vingapi vinafika lita? Atakuta maskini ananunua ghali kuliko mwenye gari. Mama yule anaijua bei ya jumla vizuri sana, ila pesa ya leo imepatikana leo.

Otis: Kweli kabisa. Na jerikani ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Abebe moja tu.

Fundi wa Maragoli: Hapo kwenye maji mmenigusa. Kosa linaloua chemchemi ni kuweka bomba juu kuliko jicho, yaani pale maji yanapotokea ardhini. Wageni wana siku 5 na wanataka kuona bomba likimwaga kabla ya ndege. Ukuta unajengwa juu ya tope, bomba linapandishwa ili mtungi uingie chini yake. Maji yanajaa nyuma ya ukuta, yanakosa pa kutokea, yanarudi kutafuta njia nyingine. Siku moja unakuta yanabubujika kwenye shamba la jirani na bomba limekauka kabisa. Kijiji kimepoteza maji yaliyokuwapo tangu enzi za mababu!

Kwanza chepusha maji kwa mfereji ujenge pakavu. Chimba mpaka ulione jicho. Bomba likae chini yake. Mtungi ukikosa nafasi, shusha mahali pa kutekea ujenge ngazi. Zege ni karai 1 la saruji, makarai 2 ya mchanga, 4 ya kokoto, na maji kidogo. Likiwa uji halishiki. Nyuma ya ukuta weka mawe yaliyooshwa, kokoto, nailoni nzito, halafu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Upande wa juu, mfereji wa kukinga maji ya mvua na ua wa kuzuia ng'ombe. Kisha ukuta umwagiliwe siku 7. Safari ya wiki moja itamaliza hayo lini?

Kwetu Vihiga: Na mikaratusi iliyo karibu ikatwe, inanyonya.

Jirani: Basi wasije! Nauli ya ndege ya mmoja ingenunua saruji na kokoto, na mafundi wetu wakalipwa.

Mama Gorogoro: Wasipokuja hiyo nauli hutaiona. Waje, lakini wabebe mawe na fundi ndiye ashike pima maji.

Jirani: Ndiyo niliyosema, fundi alipwe.

Mwalimu wa Nyalenda: Mnagombania saruji, na watoto je? Msiwapeleke wageni kwenye vituo vya watoto yatima. Serikali ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na wengi wa watoto hao wana jamaa. Mgeni wa wiki 2 anapakata mtoto, anazoewa, anaondoka. Wiki inayofuata mtoto yuleyule anamkimbilia mgeni mwingine mlangoni. Ada ya shule ikifika kwa bibi yake, mtoto atalala kwao.

Otis: Maji ya kunywa wachemshe.

Kwetu Vihiga: Kuni za nani? Watie klorini, wangoje dakika 30. Maji yakiwa na tope wayachuje kwanza kwa kitambaa, la sivyo dawa inaishia kwenye uchafu.

Muuguzi: Na dawa ya kukinga malaria wasiiache uwanja wa ndege. Doksisaiklini inaendelea wiki 4 baada ya kuondoka huku. Homa ikimshika mgeni akisharudi kwao, neno la kwanza kwa daktari liwe: nimetoka Kisumu.