Naomba ushauri: mama ana miaka 71, aendelee kutembea polepole au apandishe kasi ili kulinda kumbukumbu?

Kitinda Mimba
Habari zenu wakuu. Mama anatembea dakika 30 kila siku kwa mwendo wa kupiga soga, hata jasho halimtoki. Anatumia atenolol kwa ajili ya presha, na goti la kulia linamsumbua akishuka ngazi. Tangu mwaka jana anasahau majina na kurudia maswali, ila shughuli zake zote anazifanya mwenyewe. Sasa kuna anayemwambia aachane na kutembea aanze mazoezi makali ya vipindi (kasi kubwa na polepole kwa kupokezana), eti hayo ndiyo pekee yanayosaidia ubongo. Je, ukali gani unamfaa, unapimwaje, na tuanzie wapi bila kumuumiza? Saa ya mkononi inayopima mapigo anayo.

Daktari wa Zamu
Kabla ya habari za kasi, usahaulifu wenyewe upimwe. Kurudia maswali mwaka mzima si jambo la kusingizia uzee. Kliniki wana kipimo cha kumbukumbu kinachochukua dakika 10 hadi 15 tu. Baada ya hapo ni damu: homoni ya tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, figo na chumvi za mwilini. Masikio nayo yapimwe, maana asiyesikia vizuri huonekana kama anayesahau. Beba dawa zote anazomeza, pamoja na zile za kujinunulia. Dawa za mzio zinazoleta usingizi na baadhi ya dawa za kutuliza kibofu huvuruga kumbukumbu ya mtu mzima, na zikibadilishwa wengine hupata nafuu bila kuongeza hata hatua moja.

Hapohapo aombe ruhusa ya mazoezi makali. Kwa umri wake na presha, apimwe umeme wa moyo, na daktari akiona haja, apimwe moyo akiwa anatembea kwenye mashine. Kama presha imetulia na hana maumivu ya kifua, kuchangamsha kidogo mwendo aliouzoea hakuna shida. Makali ndiyo yasubiri ruhusa.

Msoma Tafiti
Neno "pekee" ndilo linaloharibu. Utafiti wa timu ya Kirk Erickson wa Marekani, uliotoka 2011, ulichukua watu wazima 120 wasio na mazoea ya mazoezi. Kundi moja lilitembea kwa kasi siku 3 kwa wiki, mwaka mzima. Walianza na dakika 10, wakaongeza 5 kila wiki hadi kufika 40. Kundi la pili lilinyoosha viungo na kufanya mazoezi mepesi ya nguvu. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, iliongezeka kama asilimia 2 kwa watembeaji na kupungua kama asilimia 1.4 kwa wenzao. Hiyo ndiyo takwimu inayosambazwa kila kona. Kisichosambazwa ni kwamba kwenye jaribio la kumbukumbu lenyewe makundi yote mawili yaliboreka, bila tofauti ya maana kati yao.

Anayemshauri mama huenda amesikia kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, iliyotoka 2024. Walikuwa watu wenye afya, miaka 65 hadi 85, mara 3 kwa wiki kwa miezi 6. Makundi ya mazoezi mepesi na ya mwendo wa wastani hayakufikia kundi la vipindi vikali kwenye majaribio yanayotegemea hipokampasi, na faida ilionekana hata kwa waliofuatiliwa hadi miaka 5. Ni matokeo mazuri. Ila wale walichujwa na madaktari kwanza, na kila kipindi kilisimamiwa.

Upande wa pili kuna utafiti uitwao LIFE wa Marekani: watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, miezi 24 ya kutembea pamoja na mazoezi ya nguvu na mizani (kusimama bila kuyumba). Kwa jumla hawakuwapita kwa akili waliopewa mafunzo ya afya tu, ingawa wenye miaka 80 na kuendelea, na wale walioanza wakiwa dhaifu, walinufaika upande wa kupanga na kuamua mambo. Halafu utafiti wa DAPA wa Uingereza, 2018, kwa watu ambao tayari wana dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa akili): mwili ulipata nguvu, akili haikuacha kushuka. Kwa hiyo mimi ningesema ukali una hoja ya kweli kwa mtu ambaye bado hajaugua, na asiahidiwe kwamba atakingwa.

Goti Imara
Hapa nazungumzia utekelezaji, kazi ya fiziotherapia.

Asiache kutembea. Badilisha siku 3 kati ya 7, siku zisizofuatana, ziwe za vipindi. Siku nyingine aendelee na mwendo wake. Mwendo wa haraka wa dakika 3 ukifuatiwa na wa polepole dakika 3, mara 5, ni mpango uliotoka Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani. Kwa watu wa makamo na wazee uliongeza pumzi na nguvu ya mapaja, na kushusha presha, kuliko kutembea mfululizo kwa mwendo wa wastani. Lakini usimwanzishe hapo.

Wiki 2 za kwanza: dakika 10 za kupasha mwili, kisha haraka dakika 1 na polepole dakika 2, mara 5, amalizie na dakika 5 za kupoza. Jumla dakika 30, zilezile alizozizoea. Wiki ya 3 hadi ya 5: haraka 2, polepole 2, mara 5. Kuanzia ya 6 ndipo aingie 3 kwa 3. Akishindwa kurudisha pumzi ndani ya kipande cha polepole, arudi hatua moja na akae hapo wiki nzima.

Haraka ni ipi? Hesabu hatua zake kwa sekunde 15. Hatua 25, yaani 100 kwa dakika, ndiyo mlango wa mwendo wa wastani kwa watu wengi. Kwenye kipande cha haraka mnatafuta 28 hadi 32. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiambiwa waongeze kasi, wanarefusha hatua. Kisigino kinatua mbali mbele ya mwili, goti linapokea kishindo likiwa limenyooka, na akiteleza hana pa kujishika. Hatua ziwe fupi na za chapuchapu, viwiko vikunjwe, mikono ipigwe nyuma zaidi kuliko mbele. Mikono ikiharakisha, miguu inafuata yenyewe.

Kosa la pili ni kusimama wima kipande cha haraka kikiisha. Damu hubaki miguuni na kizunguzungu huja, hasa kwa anayetumia dawa za presha. Polepole maana yake anaendelea kutembea.

Kitinda Mimba
Asanteni sana. Nimepiga ile kanuni ya mapigo ya juu kabisa ya moyo, 220 kutoa umri wa 71, nimepata 149. Saa inasema asilimia 70 ni 104. Nimwambie afikishe 104?

Goti Imara
Hapana ndugu yangu. Atenolol ni dawa inayozuia mapigo yasipande. Anaweza kuwa anatweta na saa inasoma 95, wewe ukimhimiza aongeze unamuumiza. Hata kwa asiyetumia dawa, kanuni hiyo hukosea sana kwa wazee. Kanuni ya 208 kutoa 0.7 mara umri ingempa 158 badala ya 149, na bado ni wastani wa watu wengi, si moyo wake yeye.

Tumia pumzi. Mwambie aseme sentensi ya maneno kumi hivi. Akiimaliza bila shida na angeweza hata kuimba, huo ni mwendo mwepesi. Akiimaliza lakini kuimba hawezi, ni wastani. Akikata baada ya maneno matatu au manne ili avute hewa, ni makali, na kwenye kipande cha haraka mnapataka hapo au chini yake kidogo. Asipoweza kutamka kitu, amepitiliza. Kwa kipimo cha juhudi cha 0 hadi 10, wastani ni 5 hadi 6, makali ni 7 hadi 8. Aseme namba mwenyewe, usimkisie kwa kumtazama usoni.

Saa iachiwe kazi moja: kulinganisha yeye na yeye. Njia ileile, kasi ileile, mapigo yakiwa juu isivyo kawaida, huenda amelala vibaya, ana homa au hajanywa maji. Na asikatishe atenolol ili saa isome vizuri. Msishangae, yapo maswali hayo humu.

Mwendesha Kiti
Goti linalouma kwenye ngazi ningelipeleka kwenye baiskeli ya ndani kwa miezi miwili ya kwanza. Kiti kiwekwe juu kiasi kwamba pedali ikiwa chini kabisa, goti limebaki limekunjwa kidogo. Kiti kikiwa chini, mfupa wa goti unagandamizwa na maumivu yanazidi, halafu watu husema baiskeli haimfai. Akitumia mashine ya kutembea, ongeza mwinuko wa asilimia 2 hadi 4 badala ya kasi. Pumzi inapanda, kishindo hakiongezeki. Ila akining'inia kwenye vishikio anakuwa amejipunguzia kazi, na namba za kioo zinakuwa za uongo.

Goti Imara
Nakubali kuhusu baiskeli, kwa sharti kwamba kutembea kusifutwe. Baiskeli haifundishi mizani. Shirika la Afya Duniani linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafike dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, na juu ya hapo siku 3 za mazoezi yanayogusa mizani na nguvu. Kuinuka kitini bila kushika, mara 8 hadi 10, seti 2, kunasaidia goti na mapaja kwa pamoja.

Daktari wa Zamu
Presha ikisoma juu ya 180 kwa 110 akiwa ametulia, mazoezi yaahirishwe siku hiyo, na ikijirudia aonane na daktari. Aache papo hapo kifua kikibana, maumivu yakienda taya au mkono, moyo ukienda mbio bila mpangilio, au pumzi isiporudi baada ya dakika 5 za kupumzika. Mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukorogeka ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja.

Shangazi Mdogo
Samahani kuingilia uzi. Baba yangu ni huyohuyo kwa umri, ila anachoma insulini. Mpango huu unamfaa?

Daktari wa Zamu
Kwa ruhusa ya daktari wake, ndiyo. Apime sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5 kwa mashine za mmol/L (au 90 kwa zile za mg/dL), ale gramu 10 hadi 15 za wanga kwanza, na apime tena. Asichome kwenye paja siku ya mazoezi, maana msuli unaofanya kazi hunyonya insulini haraka. Sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, hata usiku. Kama naye yuko kwenye dawa za aina ya atenolol, mapigo ya kasi na kutetemeka huenda visimpe taarifa. Jasho la ghafla ndilo litakalobaki.

Kitinda Mimba
Nimeelewa. La mwisho: nitajuaje kama inasaidia? Nimepakua jaribio la kumbukumbu, nimfanyishe kila Jumapili?

Msoma Tafiti
Usimfanyishe. Wiki ya tatu atakuwa amekariri maswali, alama zitapanda na mtadanganyika. Pima mwili kila wiki 4: umbali anaotembea kwa dakika 6 kwenye sakafu tambarare, na mara anazoinuka kitini kwa sekunde 30. Kumbukumbu ipimwe kliniki baada ya miezi 6, na mwombe mpimaji atumie toleo tofauti la maswali na lile la mwanzo.