Mrejesho: bikoni za jabalini zimeng'olewa

Assalaam aleikum. Mwezi uliopita niliomba ushauri hapa: jabali la matumbawe tunalopanda kwa kamba, huku kusini Unguja, lilikuwa limeshawekewa bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, za nyumba za kuuza. Aliyenambia "nendeni kwa sheha kwanza, msianze na kelele" (sheha ndiye kiongozi wa serikali wa mtaa), Mungu ambariki.

Tulikwenda tukidhani ardhi ile imeshakuwa ya mtu. Kumbe kwa sheria ya 1992 ardhi Zanzibar ni mali ya umma, mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Tukauliza cheti cha tathmini ya mazingira. Hakikuwepo. Hapo wazee wakakumbusha kuwa chini ya jabali pana pango walimokuwa wakiteka maji. Hilo ndilo lililowagusa watu, si kamba zetu, tusijidanganye.

Upande wa pwani bikoni zimeng'olewa. Upande wa barabara nyumba zitajengwa, lakini njia tumeachiwa.

Sasa shida ni vyuma vya kufungia kamba. Vya zamani, japo ni chuma cha pua, vimeanza kupata ufa kwa chumvi ya bahari. Tunataka vya titani. Anayejua pa kuvipata anambie.