AT au HT: tairi ipi kwa SUV ya lami masika haya?

Mkazi wa Kihonda
Wadau, salaam. Nina Vanguard, saizi 225/65R17, tairi zote nne zimechoka na masika ndiyo hayo. Safari zangu ni Moro–Dar karibu kila wiki, lami tupu, na mara mojamoja shambani Mvomero, vumbi kidogo. Shemeji yangu amekomaa nifunge AT, zile za lami na porini, kwa sababu "zinang'ata". Mimi naona HT, hii tairi ya kawaida ya barabarani, inashika zaidi lami ikilowa. Kwenye lami kavu sina wasiwasi, zote zitanisimamisha. Kinachoninyima usingizi ni maji. Naomba hoja, si mapenzi ya mtu na tairi zake.

Fundi Gurudumu
Shemeji yako anazungumzia tope, wewe unazungumzia lami. Kwenye tope kashata kubwa za AT, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga chini, zinachimba, halafu ile mianya mipana inatema udongo. Kwenye lami kinachokusimamisha ni mpira unaogusa barabara, na AT mpira unaogusa ni kidogo. Isitoshe kashata ni ndefu, ukikanyaga breki kwa nguvu zinapinda, unahisi gari linalegalega kabla ya kushika. HT ina mifereji mirefu inayozunguka tairi nzima, hiyo ndiyo inayopitisha maji, na vichanjo vidogovidogo vinavyokata ule utando unaobaki. Kwa safari zako ni HT, wala usisumbuke.

Ila nakuonya na mtumba. Tairi nyingi za mtumba zinazotoka Japani ni za theluji. Angalia ubavuni, utakuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Bonyeza kashata kwa kidole gumba, inabonyea. Mpira ule umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi. Sasa uulete Chalinze saa nane mchana, lami inaunguza. Zinavutia kwa sababu kashata zimejaa, lakini breki yake kwenye joto haiaminiki, iwe kavu iwe mvua.

Prado ya Mzee
Mimi nina AT kwenye Prado 265/65R17 miaka nenda miaka rudi. Nimepanda na kushuka Kitonga mvua inamwagika, haijawahi kuniserereka. Haya ya kashata kupinda mnayatoa kwenye makaratasi. Na tuwe wakweli jamani, Vanguard na Harrier si SUV. Ni saloon zilizovishwa viatu virefu. Msichukue matatizo ya saloon mkayabandika kwenye tairi za magari ya kazi.

Mama wa Tako la Nyani
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umenigusa. Harrier yangu imenibebea mifuko ya saruji, imenipeleka Lushoto na watoto na mizigo, imenirudisha. SUV ni cheti mnagawiana nyie wa Prado? Mwenzio ameuliza tairi, wewe umekuja kupima urefu wa magari ya watu.

Prado ya Mzee
Marahaba binti yangu. Sijamtukana mtu. Harrier ya kwanza ilitoka 1997 ikiwa imejengwa juu ya chesisi ya Camry. Camry ni nini? Saloon. Gari lenye fremu yake chini na diflok ya kufunga magurudumu yazunguke pamoja ndilo tunaita SUV sisi tulioendesha enzi barabara ya Kilwa ni tope. Leo kila gari lililoinuka kidogo linaitwa SUV.

Kijana wa Sinza
Mzee ana pointi. Harrier nyingi ni fronti wili tu, zinavutwa na magurudumu ya mbele, fo wili ya magurudumu yote manne haipo.

Mama wa Tako la Nyani
Kijana, yangu ni fo wili. Na hata ingekuwa fronti, fo wili inahusiana nini na kusimama? Gari lolote lina breki kwenye magurudumu yote manne. Fo wili inakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama mna breki zilezile tulizonazo sisi, isipokuwa Prado ina zaidi ya tani mbili za kusimamisha.

Fundi Gurudumu
Mama amemaliza. Hilo ndilo linaloua watu wa magari makubwa wakati wa mvua. Gari linaondoka vizuri, linapanda vizuri, dereva anaona ameshika barabara. Siku ya kukanyaga breki ghafla mbele ya lori lililozima taa, anabaki na tairi zake nne na uzito wake.

Prado ya Mzee
Kwa hiyo uzito nao siku hizi ni kosa? Uzito ndio unaokandamiza tairi chini likashika. Gari jepesi ndilo linaloelea.

Mbongo wa Stuttgart
Habari za huko. Naona nichangie kwa sababu huku suala la tairi ni la mwaka mzima. Kila msimu chama cha madereva ADAC kinapima tairi za kiangazi: breki kwenye lami kavu kuanzia kasi ya 100, na kwenye lami iliyolowa kuanzia 80. Unachojifunza haraka ni kwamba mshindi wa kavu mara nyingi si mshindi wa mvua. Kwenye kavu tairi nyingi zinakaribiana. Maji yakiingia ndipo zinapoachana vibaya.

Tairi zinazouzwa Ulaya zina lebo yenye herufi ya kushika kwenye maji, A hadi E. Lebo ya zamani iliishia F, na kati ya A na F, ukipiga breki kwa 80, tofauti ilitajwa kufika mita 18. Hizo ni gari nne zilizopangana. Mkazi wa Kihonda, ukikuta tairi ina lebo hiyo, soma herufi ya mvua kwanza, chapa na bei baadaye. Na ukumbuke tairi wanazoita za kiangazi huku ndizo hizo mnazofunga nyumbani mwaka mzima. Zinaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, jambo ambalo Moro halitakuhusu.

Kijana wa Sinza
Kaka wa Stuttgart, huku hatuna lebo. Tuna fundi na tochi.

Mbongo wa Stuttgart
Ubavuni mwa tairi nyingi za magari madogo na SUV kuna neno TRACTION likifuatiwa na AA, A, B au C. Hicho ni kipimo cha breki kwenye lami na zege vilivyolowa. Hakihitaji lebo wala tochi kubwa.

Dereva wa Nakuru
Ni kweli, lakini usiwape watu matumaini ya bure. Hiyo TRACTION inapimwa breki ya kunyooka tu. Haikwambii gari litafanya nini kwenye kona, na haikwambii tairi itaelea kwenye maji ya kina. Kwenye barabara ya Nakuru, pale malori yamechimba mabonde mawili ya magurudumu, maji yanasimama humo. Unaingia na kasi ya 110, usukani unakuwa mwepesi ghafla, hakuna AA ya kukuokoa.

Na swali moja kwa fundi: mtu akiwa na pesa ya tairi mbili tu, mpya anafunga wapi?

Fundi Gurudumu
Mpya nyuma.

Kijana wa Sinza
Fundi gani wewe? Mbele ndiko kuna injini, usukani na breki kubwa. Mpya mbele, hata mtoto wa gereji anajua.

Fundi Gurudumu
Anajua vibaya. Mbele ikiteleza, gari linanyooka, linakataa kukata kona, unahisi mkononi, unaachia mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na huna muda. Watengenezaji wenyewe wanasema zenye kashata nyingi ziende nyuma, hata gari likiwa fronti wili. Kila masika naletewa magari yaliyopigwa ubavuni au matakoni. Nikitazama tairi, mbele zinang'aa, nyuma vipara.

Kijana wa Sinza
Mimi sifungi hivyo. Baba yangu kaendesha mabasi maisha yake yote, tairi mpya daima mbele.

Dereva wa Nakuru
Basi ni kitu kingine, tairi ya mbele ya basi ikipasuka watu wanakwisha. Tunazungumzia kuteleza kwa gari dogo. Usimwingize mzee wako kwenye ubishi ambao hakuuanzisha.

Kijana wa Sinza
Mzee wangu nimemwingiza mimi, na namwamini kuliko wewe nisiyekujua.

Mswahili wa Maskati
Assalaam alaykum. Wallahi mnagombana kwa kitu kidogo. Sisi huku tairi inatuua kwa joto, lami ya Julai haikanyagiki. Lakini wadi, haya mabonde makavu, zikishuka maji, gari kubwa ndizo za kwanza kusombwa kwa sababu mwenyewe ana imani na urefu. Nyie mvua ikinyesha punguzeni upepo, tairi inatandaa, inashika zaidi. Sisi tukiingia mchangani tunashusha upepo mpaka psi 15, gari linapita kama halina uzito.

Fundi Gurudumu
Alaykum salaam. Sheikh, kwa mchanga sawa kabisa. Kwa lami yenye maji, tafadhali, tena tafadhali sana, mtu asifanye hivyo. Tairi ikilegea katikati inabonyea, mifereji inabanwa, maji hayana pa kutokea.

Mbongo wa Stuttgart
Naongeza kwa namba, maana hili limezagaa sana. Watafiti wa NASA waliandika mwaka 1963 kuhusu tairi za ndege kuelea kwenye maji. Walikuta kasi ya kuelea inafuata upepo wa ndani ya tairi. Kwa hesabu yao, tairi yenye upepo 32 inaelea kwenye kama kilomita 94 kwa saa, maji yakiwa ya kutosha na kashata hazisaidii tena. Shusha mpaka 22, inaelea kwenye kama 78. Umejinyang'anya kilomita 16 za usalama kwa mkono wako. Mzee wa Prado naye aone hapo: katika hesabu hiyo uzito wa gari haupo. Upepo upo.

Prado ya Mzee
Ndege na Prado wapi na wapi? Mimi nimeleta uzoefu wa barabara, wewe unaniletea uwanja wa ndege.

Mbongo wa Stuttgart
Mzee wangu, maji hayajui kama juu yake kuna ndege. Kashata nzuri zitakusogeza juu ya kasi hiyo, na ndiyo maana kina cha kashata ni muhimu kuliko jina la tairi. Sheria za huku zinaruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwa mvua mimi siisubiri ifike hapo. Nikifika 3 nanunua.

Prado ya Mzee
AT yangu mpya ina kina kuliko HT yenu yoyote. Kwa hesabu yako mwenyewe basi mimi ndiye niliyeshinda.

Dereva wa Nakuru
Hapo mzee amekubana kidogo, kaka. Kwenye maji ya kina AT yenye kashata ndefu haifanyi vibaya. Inapopoteza ni ile lami iliyolowa tu, utando mwembamba, breki ya ghafla kwenye zebra. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, vumbi na oili ya malori vinachanganyika, lami inakuwa sabuni kabla haijaoshwa.

Mama wa Tako la Nyani
Na wengi wetu tunafia kwenye utando huo, si kwenye mafuriko. Mafuriko unayaona, unasimama, unasubiri Jangwani ipungue. Lami inayong'aa kidogo usiku huioni. Mimi nimefunga HT, na mvua ikinyesha nashuka 80 hadi 60. Waliokuwa wananipigia honi Mlandizi nawakuta Chalinze wamepanga foleni ileile niliyopanga mimi.

Kijana wa Sinza
Hapo kwenye kasi sasa tumekubaliana. Waulizeni wa magari ya serikali.

Dereva wa Nakuru
Hata kwetu. King'ora kimewashwa, mvua inanyesha, tairi hata hazijaangaliwa.

Mkazi wa Kihonda
Ndugu zangu, mabishano ya magari ya serikali naomba yafunguliwe kwake. Nimekwenda dukani leo. HT nne mpya zinafika milioni na ushee, nimebana matumizi, nitazichukua zote nne, suala la mbele au nyuma liishe. Ila muuzaji amenionyesha seti ya bei nafuu zaidi, ina karatasi zake bado, kashata zimejaa, namba ya mwisho ya DOT inasomeka 1418. Anasema tairi haijatembea haiwezi kuwa nzee.

Fundi Gurudumu
1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018. Haijatembea, lakini mpira umekaa dukani kwenye joto la bati muda wote huo. Ikunje kidogo ubavu kwa mikono miwili, utaona nyufa nyembamba kama nywele. Mpira ukikauka hivyo, kwenye kavu hutagundua kitu. Mvua ya kwanza itakwambia. Mwambie akuletee za mwaka jana au mwaka huu, na akikataa toka dukani.

Kijana wa Sinza
Fundi, hapo umezidisha. Tairi za Mjapani zinakaa hata miaka kumi. Mzee wangu ana spea ya 2012 mpaka leo.

Fundi Gurudumu
Spea ikae buti. Akiifunga barabarani masika haya, mimi sitaki kuwa nyuma yake.

Prado ya Mzee
Mkazi wa Kihonda, kabla hujalipa, uliza kama namba ya mzigo ya hizo HT, ile ya uzito ambao tairi inabeba, inafika 102 au ni pungufu. Hata kama gari lako silihesabu, nisingependa ulibebeshe watoto kwenye tairi isiyoweza uzito.

Mkazi wa Kihonda
102H, mzee. Nimeshatazama. Nashukuru. Ninazifunga Jumamosi, halafu upepo naweka ule wa kibandiko cha mlangoni.

Mswahili wa Maskati
Kibandiko kile ni cha tairi ikiwa baridi. Ukipima umetoka safarini, usije ukatoa upepo ukidhani umezidi.

Kijana wa Sinza
Na hilo la naitrojeni wanalotuuzia pale sheli, ni kweli linasaidia kwenye mvua, au pesa tu inaliwa?