PCTVERSION, RETENTION, au nizitoe kabisa? Skani zimejaza diski

AreaC_Seva
Wakuu, nimerithi kanzidata ya Oracle ya chama cha akiba na mikopo hapa Dodoma. Jedwali la mikataba lina safu ya BLOB (data kubwa ghafi, kama faili zima) yenye skani za PDF za wanachama, wengi wao wakulima wa zabibu na alizeti. Mkopo ukibadilishwa, karani anaskani upya juu ya ile ya zamani. Sasa ripoti ya usiku inakatika njiani na kosa ORA-01555, nyuma yake ORA-22924, yaani toleo la zamani la data ambalo ripoti inalihitaji halipatikani tena. Nimeongeza undo (nafasi ya kutunza data ya zamani) mara mbili, wapi! Nifanyeje: nipandishe PCTVERSION (asilimia ya nafasi ya matoleo ya zamani), nitumie RETENTION (muda wa kuyatunza), au skani zikae nje kama mafaili ya kawaida?

binti_kondoa
Pole kaka. Undo haikusaidia kwa sababu toleo la zamani la blobu kubwa haliendi huko. Blobu ndogo iliyomo ndani ya mstari, chini ya baiti 4,000 hivi, ndiyo inayopitia undo. PDF zako zinakaa nje ya mstari, na matoleo yake ya zamani yanabaki humo humo kwenye segimenti ya LOB (sehemu ya diski ya blobu hizo) mpaka nafasi ichukuliwe na kitu kingine. PCTVERSION ikiwa 10, matoleo hayo yana asilimia 10 tu ya nafasi ya LOB. Makarani wakikaza mchana na jioni, hiyo inaliwa ripoti haijafika nusu.

AreaC_Seva
Basi naweka 30 nikalale?

binti_kondoa
Utalala wewe, diski itakesha. PCTVERSION inapima nafasi, haijui saa, na ripoti yako inadai saa. RETENTION ndiyo inayopima muda. Ila ina mtego ulionila wikendi nzima: kwenye LOB za mtindo wa zamani, BasicFile, inachukua UNDO_RETENTION (sekunde za kutunza undo) ya siku ile ulipoiweka. Ukitoka sekunde 900 kwenda 7200 baadaye, LOB haina habari. Rudia amri:

ALTER TABLE mikataba MODIFY LOB (pdf) (RETENTION);

Kibaigwa_DBA
Kabla hamjafika mbali: mkuu, kosa linarudi kwenye mstari ule ule hata usiku ambao hakuna anayeandika? Kama ndiyo, hiyo blobu huenda imeharibika, na hata PCTVERSION 100 haitaifufua. Pitia mstari mmoja mmoja, soma kila blobu mpaka mwisho, andika ROWID (anwani ya mstari) za zinazogoma.

Zikiwa salama, mimi ningehamia SecureFiles, mtindo mpya wa LOB, upo tangu Oracle 11g. Huko PCTVERSION haina kazi tena, na unaweza kuandika RETENTION MIN na sekunde zako. Inataka tablespace (eneo la kuhifadhia) ya ASSM, ambamo Oracle inasimamia nafasi yenyewe. Kubana na kuondoa nakala pacha kuna leseni yake ya ziada, usiwashe tu kwa kuona kumeandikwa.

mdau_hombolo
Sisi tuko PostgreSQL, kanzidata nyingine, na PDF ziko kwenye safu ya aina ya bytea. Ukibadilisha safu nyingine bila kugusa PDF, haiandikwi upya. Ukiigusa, ya zamani inasubiri vacuum (usafishaji), na faili la jedwali kwa kawaida halipungui, nafasi inatumika tena tu. VACUUM FULL inapunguza, lakini inafunga jedwali na inataka nafasi ya nakala mpya. Waliotumia large object (data inayokaa nje ya jedwali lako) ndio wenye kazi: ukifuta mstari, kitu chenyewe kinabaki yatima mpaka uendeshe programu ya vacuumlo.

zabibu_chungu
Mafaili nje ni mepesi mpaka siku ya kurejesha bakapu. Kanzidata ya saa nne, mafaili ya saa sita, mkataba unaelekea kwenye faili lililofutwa au kuandikwa juu katikati ya saa hizo. Ukienda huko, usiandike juu ya faili. Kila skani jina jipya, za zamani zifutwe baada ya bakapu kupita.

AreaC_Seva
Nimerudi. Nimesoma blobu zote: mbili zimegoma, za mistari ile ile kila mara. Karani amezitoa kabatini, karatasi zina vumbi la mwaka mzima, ameziskani upya. Zilizobaki nzima. Nimeweka UNDO_RETENTION ya 7200 na kurudia ALTER kama dada alivyosema. Jana ripoti imefika mwisho. SecureFiles nasubiri diski, kwa sasa hata nafasi ya nakala ya pili sina.

Kibaigwa_DBA
Ukiipata, tumia DBMS_REDEFINITION, inayojenga jedwali upya likiwa linatumika, ili makarani waendelee na kazi. Na hizo karatasi, usiruhusu zichomwe.