Wafaransa au Wamongolia kwa mechi ya Ijumaa?

KijanaLangoni (Lamu)
Assalaam aleykum wadau. Ijumaa baada ya isha tuna mechi ya Age of Empires, ule mchezo wa vita wa kompyuta, na vijana wa Malindi, na mwenzangu anataka jibu leo. Nichukue Wafaransa nije na farasi wazito, au Wamongolia nije na Mangudai, wale wapiga mishale wao wa juu ya farasi? Naomba kauli moja nikaanze mazoezi.

Mla_Ngome
Waaleykum salaam. Age of Empires ipi, II au IV? Mataifa hayo yako kotekote na hayachezwi sawa. Kwenye IV Wafaransa wanatoa farasi wazito tangu zama za pili, na Wamongolia hawajengi ukuta kabisa. Halafu mko wangapi kwa wangapi, na ramani ipi?

BintiShela
Na wewe unakaa ubavuni au kati? Bila hilo tutabahatisha tu.

KijanaLangoni
II, Definitive Edition. Watatu kwa watatu, mimi niko kati.

Mla_Ngome
Ramani hujataja.

Ngao_ya_Barani (Malindi)
Wafaransa, wala usiulize tena. Farasi wao wanapewa nyongeza ya uhai ya asilimia 20 bure, na maboresho ya mashamba hawayalipii. Aliyekaa kati hasumbuliwi mapema: panda zama za tatu, fungua mazizi mawili, toa farasi mfululizo. Mangudai hawatoki mpaka usimamishe ngome, na ngome ni mawe 650. Ukimaliza kuyachimba, wenzako wa ubavuni wameshakwisha.

BintiShela
Ngao, hayo ni kweli mpaka wakutane na mikuki. Mimi nilikuwa ubavuni na wapiga mishale, mwenzetu wa kati kachukua Wafaransa. Akajaza farasi mpaka wakapendeza. Wapinzani walikuwa na Waberberi, na ngamia, ambao ndio dawa ya farasi, tuliwaona mapema. Nikamwandikia asubiri kwanza niwapunguze ngamia kwa mishale. Hakujibu. Akaingiza jeshi zima kwenye upenyo mmoja wa ukuta, upana wake farasi wawili. Wa mbele wakawa wanapigana na mikuki, wa nyuma wanazungukazunguka hawana pa kupita, na ngamia wakawajia mgongoni. Farasi mmoja ni chakula 60 na dhahabu 75. Mwenye mkuki ni chakula 35 na mbao 25, dhahabu hatoi hata chembe. Hebu piga hesabu ya ule upenyo. Kisha akatoka kwenye mechi bila neno, tukabaki wawili kwa watatu. Hadi leo nikiona Mfaransa katikati moyo unanienda mbio.

Mla_Ngome
Pole sana, lakini kosa lilikuwa pale walipopitishwa, farasi hawana lawama. Kazi yao ni kuzunguka wakawafuate wakata miti na wapiga mishale. Na tusidanganyane na habari za Hannibal kuwazunguka Warumi kule Cannae mwaka 216 KK: kwenye II kumpiga mtu mgongoni hakuongezi kitu, uhai unaotoka ni ule ule wa mbele. Faida ya ubavu ni kumfikia asiyeweza kujitetea.

Trabiki_Rum
Ndiyo maana nawaambia hamieni Total War: Rome II. Kule farasi akimgonga mtu mgongoni, kikosi kinavunjika moyo na kukimbia.

Sheikh_Mishale
Kijana hakuulizia hilo. Mimi ni Mangudai tu. Mwaka 1241 pale Mohi wapanda farasi wa Hungaria walifanywa nini na Wamongolia? Unapiga, unarudi, unapiga tena.

Ngao_ya_Barani
Na Ain Jalut, 1260? Wamamluki, wale watawala wa Misri, si waliwapiga hao hao Wamongolia?

Sheikh_Mishale
Wamamluki wenyewe walipiga mishale juu ya farasi, yakhe! Jemadari wao Baybars akajifanya anakimbia, akawavuta mpaka kwenye mtego. Umenipa ushahidi wangu mwenyewe.

BintiShela
Maadamu mmefika kwenye historia, mie linaniuma moja. Nyongeza ya Afrika ya mwaka 2015 kwenye mchezo huu ilileta Waberberi, Wahabeshi, Wamali na Wareno. Vasco da Gama kafika Malindi 1498, watu wake wamo. Sisi tuliokuwa tukiishi hapa hatumo.

Ngao_ya_Barani
Kweli kabisa. Wangetupa mitepe na biashara ya pwani nzima. Ila farasi tusingekuwa nao wa maana.

Trabiki_Rum
Ngamia mngepewa.

Mla_Ngome
Turudi kwa kijana. Mtandao wako usiku ukoje? Mangudai wanataka mkono usiotulia. Amri ikichelewa kidogo tu, wamesimama mbele ya mikuki. Farasi wazito unaweza kuwaelekeza ukaenda kuangalia mashamba.

KijanaLangoni
Usiku huwa unakwamakwama, hasa watu wakirudi nyumbani. Ramani wanachagua wenyeji, wamesema Arena.

Ngao_ya_Barani
Arena! Hilo ndilo la kuanza nalo. Kuta za mawe mnazikuta tayari, hakuna wa kuwahiwa ubavuni. Niliyosema kuhusu mawe 650 yaweke kando, pale ngome utajenga tu.

Sheikh_Mishale
Na wapinzani watakuja na mitambo ya kubomolea kuta. Mangudai wana nyongeza dhidi ya mitambo. Nimemaliza.

BintiShela
Hujamaliza. Wamongolia hawafiki daraja la mwisho la mikuki, wala hawana Paladini, daraja la juu kabisa la farasi wazito. Wakiletewa Paladini kwenye uwanja mwembamba atawazuia nani, na mtandao wenyewe ndio huo?

Mla_Ngome
Inategemea wenzake. Kijana, hao wawili wanachukua mataifa gani?

KijanaLangoni
Mmoja Wabizanti. Wa pili hajaamua, anasubiri mimi niamue kwanza.