Naomba ushauri: modeli ya joto la hewa inafaulu kwenye majaribio, lakini inakosea mahali papya

Kipimajoto: Salaam, wanajukwaa. Kwa ajili ya ramani, ninakadiria wastani wa joto la hewa la kila siku, yaani lile linalopimwa kivulini takriban mita 2 juu ya ardhi, kwa kutumia picha za MODIS (kihisi cha setilaiti za Terra na Aqua) zenye pikseli za kilomita 1. Modeli yangu ni ya miti mingi ya maamuzi, yaani mfululizo wa maswali ya ndiyo au hapana, nami huipa halijoto ya uso wa ardhi ya mchana na ya usiku, kiwango cha uoto, mwinuko, latitudo, longitudo na siku ya mwaka. Nilitenga kwa kubahatisha asilimia 20 ya vipimo vya vituo vyote kwa ajili ya majaribio, na kosa la wastani halikufika nyuzi 2. Nilipojaribu kituo ambacho hakikuwamo kabisa kwenye data, kosa lilizidi nyuzi 4. Je, nihamie kwenye mitandao ya neva?

Mizani: Ndugu, kabla ya kubadili modeli, badili namna unavyoipima. Kwa kuwa umebahatisha vipimo badala ya vituo, kila kituo kimo upande wa mafunzo na upande wa majaribio pia, na joto la leo halitofautiani sana na la jana. Latitudo, longitudo na mwinuko kwa pamoja hukitambulisha kituo, hivyo modeli inakumbuka mahali badala ya kujifunza uhusiano. Tenga vituo vizima, ukivizungusha kwa zamu. Kosa litapanda, lakini hilo ndilo linalohusu ramani yako, kwa maana ramani karibu yote ni mahali pasipo na kituo. Kisha ondoa latitudo na longitudo uone kama kosa hilo litapungua.

Mwinuko: Naunga mkono, ila nina swali: kituo hicho kipya kiko juu kuliko vingine?

Kipimajoto: Ndiyo, kiko juu kuliko vyote, na kuna mawingu karibu mwaka mzima.

Mwinuko: Basi hapo kuna matatizo mengine mawili. Kwanza, miti ya maamuzi haiwezi kuvuka mipaka ya ilichokiona: kila mwinuko unaozidi kituo cha juu zaidi kilichomo kwenye mafunzo utachukuliwa kuwa sawa nacho, ilhali hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi kwa kila kilomita moja ya kupanda. Ondoa kwanza athari hiyo kwa mlinganyo rahisi, kisha modeli ijifunze mabaki tu, yaani tofauti inayosalia. Mitandao ya neva haitakuokoa hapa. Pili, mionzi ya infraredi haipenyi mawingu, kwa hiyo umefunza modeli kwa siku za anga safi pekee, ambazo mchana wake huwa na joto zaidi na usiku wake huwa na baridi zaidi. Kwa siku za mawingu, tumia data ya ERA5-Land (makadirio ya hali ya hewa yanayotokana na modeli ya kompyuta), ingawa pikseli zake ni za takriban kilomita 9.

Mizani: Niongeze kuhusu halijoto ya uso. Mchana, udongo mkavu usio na uoto unaweza kuizidi hewa kwa zaidi ya nyuzi 10, ilhali msitu hukaribiana na hewa kwa sababu majani yanapoza kwa kutoa mvuke. Usiku tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo usishangae kipimo cha usiku kikiwa na uzito kuliko cha mchana. Zingatia pia kwamba Terra ilipangwa kupita takriban saa nne na nusu, na Aqua saa saba na nusu, mchana na usiku, lakini katika miaka ya karibuni nyakati hizo zimesogea. Ukiunganisha data za miaka mingi, ingiza saa halisi ya kupita kama kiashiria.