Nifanye nini ili mazingaombwe yangu yafike kwenye televisheni?

Kijana wa Ngarenaro (Arusha)

Shikamooni wakubwa zangu. Nina umri wa miaka 21, na tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa nikijifunza mazingaombwe ya karata, sarafu na kamba. Kwa sasa ninaalikwa kwenye mahafali na sherehe za watoto hapa Arusha, na mara chache Moshi. Ndoto yangu ni kuwa na kipindi changu cha televisheni. Mwaka jana nilijirekodi chumbani kwa simu, nikapeleka video kwenye kituo kimoja, na aliyeipokea aliitazama kwa muda mfupi akasema mtazamaji wa nyumbani ataamini kwamba picha zimehaririwa. Jambo jingine linaloniumiza ni kwamba bibi yangu haamini kuwa huu ni mchezo. Anadhani kuna kitu nimepewa. Nianzie wapi?

Mshika kamera (Njiro, Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Nimefanya kazi ya kamera kwa miaka tisa, na ninaona kwamba aliyekujibu vile hakukuonea, ingawa angeweza kukueleza zaidi. Shaka hiyo ni ya zamani kama televisheni yenyewe. Mark Wilson, aliyeanza kipindi chake cha mazingaombwe nchini Marekani mwaka 1960, alirekodi mbele ya hadhira iliyokaa studioni, na kamera haikukatwa mchezo ulipokuwa ukiendelea, ili aliye nyumbani ajue kwamba anaona kile kile wanachokiona waliopo. Mwaka 1997 David Blaine, mwanamazingaombwe mwingine wa Marekani, alikwenda mbali zaidi: alitoka barabarani na karata zake, na kamera ikageukia nyuso za watu waliosimamishwa njiani, wakipiga kelele, wakirudi nyuma, wengine wakikimbia. Mtazamaji aliamini kwa sababu aliwaona wenzake wakishangaa.

Video yako ya chumbani haikuwa na shahidi hata mmoja. Nenda Soko Kuu au karibu na Mnara wa Saa, omba ridhaa ya watu kabla ya kuwarekodi, kisha mwombe rafiki asimame mahali ambapo viganja vyako na nyuso zao vinaonekana kwa pamoja, arekodi mfululizo bila kukata tangu sarafu inapotoka mfukoni mwa mtu hadi inaporudishwa. Jua la saa kumi alasiri linafaa kuliko la mchana. Tafuta pia kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kwa maana kelele za pikipiki zitameza maneno yako yote. Na ukumbuke jambo hili kuliko mengine: ukumbini mtu anakuona mara moja, lakini video hurudishwa nyuma mara kumi. Ujanja wa mkono unaopita kwenye mahafali huenda usipite hapo, kwa hiyo chagua michezo mitatu tu na uinoe mpaka wewe mwenyewe, ukijitazama polepole, usione sarafu ilipojificha.

Mama Mwalimu (Moshi)

Mwanangu, mimi ninakujibu kuhusu bibi, kwa sababu wenye kituo pia watakuwa na hofu kama yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo ingali inatumika nchini, inamgusa hata mtu anayejitangaza kuwa na nguvu za uchawi. Kabla hujagusa karata, sema wazi kwamba huu ni ustadi wa mikono na kiini macho, na usijipe jina la kutisha. Kwa bibi fanya zaidi ya kusema: kaa naye jikoni, mfundishe mchezo mmoja mdogo wa sarafu, umwachie aufanye mwenyewe mbele ya wajukuu. Siri moja ikitoka kwa ajili yake hujapoteza kitu.

Mkaazi wa Sakina (Arusha)

Ninaongeza machache. Shin Lim alishinda shindano kubwa la vipaji la televisheni ya Marekani mwaka 2018 kwa karata, lakini alikuwa amekwisha kushinda ubingwa wa dunia wa mazingaombwe ya karata mwaka 2015, kwa hiyo usikate tamaa kwa video moja. Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii. Kituo kikikubali, soma mkataba mpaka ujue ni nani atakayemiliki picha zako.

Kijana wa Ngarenaro (Arusha)

Ninawashukuru sana. Jana jioni nilimfundisha bibi kuficha shilingi mia kati ya vidole. Ilimwanguka mara nyingi, kisha akaniuliza kama nilianza kwa kuiangusha hivyo hivyo. Nilimwambia ndiyo, kwa miezi mingi. Jumamosi nitakwenda Soko Kuu na rafiki yangu, na bibi amesema angependa kuja kutazama.